Naomba kutambuliwa: chuma cha zamani kisicho na chapa, mdomo wake una mfereji

Mpini Mkavu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kutambua chombo kilichokuwa chini kabisa ya sanduku la zana kuukuu. Hakina chapa, hakina namba, hakina jina la nchi. Nimekipitia pande zote kwa kioo cha kukuzia.

Ni chuma kitupu toka juu hadi chini, hakuna tundu wala mkia wa kutia mpini. Urefu sm 16. Shina ni la duara, unene mm 19. Kuanzia katikati linabapa na kutanuka kama mkia wa samaki hadi upana wa sm 6. Juu kuna kichwa kipana kuliko shina. Kinachonisumbua ni mdomo: hauna makali hata kidogo. Ni bapa, unene wake mm 4, na katikati ya unene huo kumepita mfereji mwembamba kutoka kona moja hadi nyingine.

Kutu yake ni ya kahawia iliyoiva, ngumu, imeshikana. Sijakwangua wala kupaka kitu. Wazo la kwanza lilikuwa patasi ya mwashi ya kukatia tofali, lakini mfereji unanikataza. Chombo cha kukata hakichongwi mfereji penye makali. Kazi yake hasa ni ipi?

Jiwe la Kunolea

Patasi ya mwashi iliyochakaa hiyo mkuu. Makali yakiisha mdomo unabapa hivyohivyo.

Tezo na Randa

Mkuu Jiwe, uchakavu haunyooki namna hiyo. Patasi iliyogongwa miaka mingi juu ya jiwe humeguka huku na kule, hupoteza kona, na mara nyingi hulika upande mmoja kuliko mwingine. Mfereji ulionyooka kona hadi kona uliwekwa na mtu aliyekusudia. Kuchonga mfereji ndani ya mm 4 za chuma ni kazi, na hakuna mhunzi anayefanya kazi hiyo bure. Tukijua kwa nini aliufanya, tumekijua chombo.

Mpini, kukosa chapa kusikuvunje moyo. Chapa ingekuambia nani alikifua, isingekuambia kinafanya nini. Zana nyingi za zamani hazikuwahi kupigwa chapa, kwa sababu mhunzi aliyewafulia watu waliomfahamu hakuhitaji kuandika jina. Nyingine zilikuwa nayo ikaliwa na kutu, au chapa ilikuwa kwenye mpini wa mti uliotupwa na kubadilishwa, au kwenye karatasi iliyobandikwa dukani ikatoka wiki ya kwanza.

Mimi husoma sehemu nne: panapogusa kazi, panapopigwa, panaposhikwa, na palipolika bila mtu kukusudia. Hiyo ya nne naiamini kuliko zote, maana hakuna anayeitengeneza ili kumpendeza mnunuzi.

Kwa hiyo tuambie. Pande mbili za ubapa zinafanana, au mmoja ni tambarare na mwingine umeinama? Mfereji una kina gani, na kingo zake ni nzima au zimemeguka? Kichwa kimekunjika na kupasuka ukingoni, au ni laini? Na shina, kuna mahali palipong'aa au palipo na kutu nyembamba kuliko kwingine?

Mpini Mkavu

Ahsante sana kwa maswali haya, yamenifanya nikitazame upya.

Pande zote mbili zinafanana, zinapungua unene taratibu kuelekea mdomoni. Mfereji una kina cha kama mm 1 na chini yake ni mviringo. Kingo zake ni nzima, ila zimelainika. Kichwa kina upana wa mm 32, uso wake umevimba kidogo katikati, hakuna ufa wala chuma kilichokunjika. Shina lina sehemu laini upande wa juu wa pale linapoanza kutanuka, na hapo kutu ni nyembamba kweli. Vidole vinne vinatosha.

Pete na Mbao

Mimi nasema ni cha fundi mapipa. Pete za pipa la mbao huteremshwa kwa kugongwa kuelekea tumboni, ambako pipa ni pana zaidi, ndipo mbao zinapobana. Ukiweka chuma bapa juu ya ukingo wa pete kinateleza na kuchana mbao, kwa hiyo chombo cha kuteremshia pete huwa na mfereji mdomoni ili kiupokee ukingo. Mfereji, mdomo butu, kichwa cha kugongwa: vyote vipo hapa.

Tezo na Randa

Hoja nzito hiyo, na ndipo watu wengi wanapopotelea, kwa sababu vyombo hivi viwili vyote vina mfereji mdomoni. Tuviachanishe kwa kuangalia nguvu inapita wapi.

Chombo cha pete kinabeba pigo la chuma juu ya chuma. Kila siku ukingo wa pete unasaga mfereji, kwa hiyo mfereji huishia mpana, una vishimo, kingo zimemeguka. Mwili wake huwa mfupi na mnene, na vingi vina mpini mfupi wa mti uliochomekwa kwenye mguu wa chuma. Tena fundi mapipa anatumia nyundo ya chuma, na chuma kinachopigwa kwa chuma miaka nenda rudi lazima kikunje ukingo wa kichwa.

Cha Mpini kina kingo nzima zilizolainika, na kichwa kisicho na mkunjo hata mmoja. Kilichokuwa kikiguswa na mdomo huu kilikuwa laini kuliko chuma, na kilichokuwa kikipiga kichwa hiki kilikuwa laini kuliko chuma. Kwangu hayo mawili yanatosha kuliondoa pipa.

Pete na Mbao

Kwa hoja ya kichwa nakubali. Nyundo ya mapipa isingeacha uso ule.

Kiungio

Kuna jamii nyingine hatujaitaja: zana za kuzibia viungio vya mabomba ya zamani ya chuma cha kusubu. Bomba moja linaingia kwenye mdomo mpana wa jingine, nafasi inayobaki inajazwa nyuzi, risasi iliyoyeyushwa inamiminwa juu yake, na ikiganda inashindiliwa. Zana zake nazo ni butu. Lakini huwa nyembamba, na nyingi zimepindwa shingoni ili mkono usigonge bomba. Ubapa ulionyooka wenye sm 6 hauwezi kufuata duara hilo. Mafundi wa boila pia walikuwa na chuma butu cha kushindilia ukingo wa bati lililofungwa kwa ribiti, ila hicho ni kinene na chembamba kwa upana, na kinapigwa kwa nyundo ya chuma. Yote mawili yaondoke kwenye orodha.

Ubavu wa Jahazi

Mpini, umeshika chembeu, chombo cha kutilia kalafati, yaani nyuzi za kuziba mianya kati ya mbao, kwenye merikebu za mbao. Naandika kwa urefu kwa sababu kila ulichopima kina maelezo yake.

Mbao za ubavu huchongwa ziguse upande wa ndani na kuacha mwanya unaofunguka upande wa nje. Mtia kalafati anachukua pamba, au nyuzi za kamba kuukuu zilizochambuliwa na kutiwa lami, anazisokota, anazipachika kwenye mwanya na kuzishindilia kwa chembeu, safu juu ya safu. Juu yake inafuata lami ya moto. Mbao zikilowa zinavimba na kuzibana nyuzi, maji yanakosa njia. Nyuzi zikipungua, chombo kinavuja. Zikizidi, mbao zikivimba zinasukumana na misumari inalegea. Fundi anaishi kati ya hatari hizo mbili, urefu wote wa mwanya, kutoka omo hadi tezi.

Sasa mfereji wako. Mdomo mkali ungekata nyuzi. Mdomo bapa mtupu unateleza juu yake na nyuzi zinapanda pembeni. Mfereji unazikamata na kuzishusha pamoja. Ndiyo sababu kingo zako zimelainika bila kumeguka: pamba na lami hung'arisha chuma, hazikivunji. Vipo vyembeu vya mfereji mmoja, vya miwili, hata vya mitatu, kadiri mwanya unavyokuwa mpana.

Na hakikuwa peke yake. Sanduku la mtia kalafati lilikuwa na chembeu chembamba cha kuanzishia nyuzi. Kinene, butu, chenye umbo la kabari, cha kufungulia mwanya uliobana mno. Kilichopindwa shingo kwa ajili ya pembe ambazo kilichonyooka hakifiki. Chembamba kabisa kwa ajili ya sehemu finyu. Na kwa kazi ya mwisho kile kikubwa chenye mpini mrefu, ambacho mtu mmoja anakishika na mwenzake anakipiga kwa nyundo kubwa kwa mikono miwili.

Kichwa chako kipana ni kwa ajili ya nyundo ya mti. Nyundo ya kalafati ina kichwa kirefu chembamba, hufika sm 40 hivi toka uso hadi uso, cha mti mgumu sana, kimevishwa pete za chuma ncha zote mbili kisipasuke. Chembeu chenye kichwa chembamba kingeutoboa mti huo. Kipana kinatawanya pigo. Ndani ya nyundo hiyo hupasuliwa nyufa za makusudi zinazopenya upande hadi upande, nazo huipa mlio wa pekee. Mlio huo ni kipimo. Nyuzi zinavyokaza ndani ya mwanya, sauti inabadilika, na fundi aliyezoea anajua kwa sikio mahali pa kuacha. Kwangu mimi hii ni moja ya zana zenye heshima kubwa kabisa zilizowahi kufuliwa, na inaniuma kuona zinauzwa kwa rundo kama vyuma chakavu.

Kazi yenyewe haijafa. Merikebu ya kuwindia nyangumi Charles W. Morgan, iliyoundwa 1841 na kutunzwa kwenye makumbusho ya Mystic Seaport huko Connecticut, Marekani, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kusafiri tena 2014, na mbao hazikubali njia ya mkato: mwanya wa chombo cha namna hiyo unajazwa kwa nyuzi, kwa chembeu, kwa mkono.

Mpini Mkavu

Nimesoma mara mbili, mkuu. Mungu akubariki.

Nimefanya jambo moja baada ya kusoma. Nimezima taa na kulaza tochi ubavuni mwa chuma, mwanga upite juu kwa pembe ndogo. Mambo mawili yamejitokeza. Kwanza, kwenye kona moja ya mfereji kuna kitu cheusi kilichogandamana. Nikikigusa kwa sindano iliyopashwa moto kinalainika na kutoa harufu ya lami. Pili, shingoni kuna mikato mitatu midogo ya tupa, sambamba, ambayo kutu ilikuwa imeificha.

Sasa naomba tusogee kwenye umri. Nimeona watu wakisema chombo kisicho na jina la nchi ni cha kabla ya 1891. Je, ni kweli?

Kutu Njema

Hapana, na imani hiyo imewapotosha wengi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile ya McKinley, ilitaka bidhaa zinazoingizwa Marekani zionyeshe nchi zilikotoka, na sharti hilo likaanza kufanya kazi 1891. Ilihusu bidhaa zinazoingia Marekani tu. Chembeu kilichofuliwa Marekani kwenyewe, au kilichofuliwa na kutumika nchi nyingine yoyote, hakikuguswa nayo. Ukilikuta jina la nchi, linakusaidia. Usipolikuta, hujapata habari yoyote ya umri.

Uliza chuma chenyewe. Henry Bessemer alipata hataza ya njia yake ya kutengeneza chuma cha pua mwaka 1856. Kabla ya njia za namna hiyo kuenea, chuma cha pua kilikuwa ghali, kwa hiyo wahunzi walifua mwili kwa chuma laini cha kufuliwa na kuunganisha kipande kidogo cha chuma cha pua pale tu palipohitaji ugumu. Chuma hicho cha kufuliwa kina nyuzi za taka za tanuru ndani yake, na kutu inapokila huzifuata, ikiacha mistari mirefu inayokwenda na urefu wa shina. Angalia kama unayo. Angalia pia ubavuni mwa ubapa: kama kuna mstari mnyoofu uliosagwa, unaozunguka chombo pande zote, hiyo ni alama ya chuma kilichofuliwa kwa kubanwa ndani ya kalibu mbili, yaani kazi ya kiwanda.

Usidanganyike kufanya jaribio la cheche kwenye jiwe la kusagia. Cheche hutofautisha kweli, chuma laini hutoa michirizi mirefu isiyopasuka sana na chuma cha pua chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazochanua, lakini unakila chombo ili kujibu swali ambalo macho yanaweza kujibu.

Kuhusu mikato mitatu: mtengenezaji hupiga chapa kwa muhuri, herufi zinakaa mstari mmoja kwa kina kimoja. Mikato ya tupa ni alama ya mwenye mali. Watia kalafati walisimama safu moja ubavuni mwa chombo, kila mtu na zana zake, zote zinafanana. Mtu alihitaji kukijua chake jioni.

Mpini Mkavu

Mistari ipo. Inaonekana vizuri sana karibu na kichwa, inateremka na shina. Ubavuni hakuna mstari wa kalibu, na unene wa ubapa haulingani: upande wa kushoto unazidi kwa karibu nusu milimita.

Kutu Njema

Basi kimefuliwa kwa mkono, juu ya fuawe, kwa chuma laini. Viwanda vilikuwepo pia. C. Drew & Co. wa Kingston, Massachusetts, walikuwa na sifa kubwa kwa vyembeu na walipiga jina lao. Chako kina sura ya mhunzi. Mwaka usiutaje, maana wahunzi waliendelea kutumia mabaki ya chuma laini muda mrefu baada ya 1856. Andika "kimefuliwa kwa mkono, chuma laini, mfereji mmoja" na hakuna atakayekupinga.

Mwenye Kumbukumbu

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu mikono iliyovishika vyombo hivi, kwa sababu mikato mitatu ya Mpini imenigusa.

Frederick Douglass, yule Mmarekani mweusi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, alikuwa mtia kalafati. Akiwa bado mtumwa alifanya kazi hiyo kwenye viunda vya merikebu vya Baltimore, na ujira wake aliukabidhi kwa bwana wake. Alitoroka 1838 akafika New Bedford, mji wa merikebu za nyangumi, akiwa na ufundi uleule mikononi. Watia kalafati weupe wakakataa kufanya kazi pamoja naye, ikabidi apasue kuni na kubeba mizigo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mafundi weusi walifukuzwa kwenye viunda vya Baltimore, na Isaac Myers, aliyejifunza kalafati tangu kijana, akaungana na wenzake kuanzisha kiunda chao wenyewe mwaka 1866.

Nyuzi nazo zina habari yake. Uingereza ya karne ya 19, kuchambua kamba kuukuu zilizojaa lami ilikuwa kazi ya wafungwa na ya maskini waliowekwa kwenye nyumba za kazi. Walizifumua kwa vidole mpaka ngozi ikachubuka. Kwa hiyo ile lami kwenye kona ya mfereji, mimi naiheshimu.

Soda na Umeme

Mchango muhimu sana huo. Nirudi kwenye usafi, maana najua swali linakuja. Kutu ikikusumbua, kuna njia ya umeme: beseni la plastiki, maji yenye soda ya kufulia, chaja ya betri ya volti 12. Chombo kinafungwa upande hasi, kipande cha chuma cha kawaida upande chanya, visigusane. Fanya mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu hidrojeni inatoka. Na usitumie kabisa chuma kisichoshika kutu upande chanya: kromiamu iliyomo huweza kutoka katika hali yenye sumu. Kutu inalegea bila kula chuma kizima.

Ubavu wa Jahazi

Njia ni nzuri kwa patasi unayotaka kuifanyia kazi kesho. Hapa mimi naipinga. Ukikitumbukiza chembeu hiki, ile lami kwenye mfereji inaweza kung'oka, na ndiyo ushahidi ulio bora kuliko maneno yetu yote humu. Mikato nayo itabaki ila utapoteza rangi iliyoizunguka.

Brashi laini kavu, kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, sugua mwilini tu, mdomo uuache kama ulivyo. Kutu hiyo ngumu ya kahawia haiendelei kula ikikaa pakavu.

Soda na Umeme

Kwa chombo chenye lami ndani, naungana na Ubavu.

Mpini Mkavu

Nitafuata hivyo, mdomo siugusi.

La mwisho wakuu. Ndani ya sanduku lilelile kuna chuma kingine nilichokuwa nimekipuuza: fito ya chuma yenye mpini wa mti, ncha yake imepindwa kwa pembe kama ya mraba na kuwa ndoano fupi bapa. Nacho hakina chapa. Nilidhani ni cha kukokea moto.

Ubavu wa Jahazi

Usikitenganishe na chembeu! Kabla ya kutia kalafati mpya lazima ya zamani itolewe, na inatolewa kwa ndoano ya namna hiyo inayoburutwa ndani ya mwanya. Pima mambo mawili. Upana wa ncha: lazima iwe nyembamba kuliko unene wa mdomo wa chembeu, au karibu sawa nao, kwa sababu vyote vinaingia mwanya uleule. Halafu angalia imelika wapi. Ya kukokea moto huungua ncha na kupata magamba. Ya kalafati hulika pande mbili za ndoano, pale inaposuguana na mbao.

Mpini Mkavu

Ncha ni mm 3. Pande zote mbili zimelika na kung'aa, juu hakuna magamba. Na shingoni, chini ya mpini, kuna mikato mitatu ya tupa.

Kutu Njema

Mwenyewe ni mmoja. Toa kila kilichomo kwenye sanduku hilo, ukiangalie shingoni kwa tochi iliyolazwa, kisha utuletee vipimo kimoja kimoja. Sanduku lenyewe usilitupe.